Kabla ya kukimbilia BRELA: hati ya nyumba iandikwe jina la nani?

Anayeingia kwenye biashara ya nyumba hapa Dar kwa kawaida huulizia kwanza bei ya kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Hilo ni swali dogo. Swali zito ni jina litakaloandikwa kwenye hati, kwa sababu hapo ndipo wanapotazama Kamishna wa Ardhi, TRA (mamlaka ya mapato), benki, na siku moja mahakama ya mirathi. Cheti cha BRELA ukikikosea unakirekebisha kwa siku chache. Hati ukiikosea, kuirekebisha ni sawa na kuuza nyumba upya.

Chukua nyumba ya Tabata iliyonunuliwa milioni 90 kwa jina lako, leo ina thamani ya milioni 160, nawe unataka kuihamishia kwenye kampuni yako mwenyewe. Hakuna hata shilingi iliyotoka mfuko mmoja kwenda mwingine, lakini kwa sheria ya kodi umeiuza kwa bei ya soko. Utamlipa mthamini, na ripoti yake lazima ipitishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Utajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. TRA watadai asilimia 10 ya faida, yaani milioni 7 kwenye ile milioni 70 iliyoongezeka. Ushuru wa stempu unakaribia asilimia 1 ya thamani, hivyo ongeza kama milioni 1.6. Bado wakili hajalipwa. Ndiyo maana uamuzi wa muundo hufanywa kabla ya kusaini mkataba wa mauziano, na kama ni kampuni, iwe imeshasajiliwa na ina TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Mkataba uliosainiwa kwa niaba ya kampuni ambayo bado haijazaliwa unamfunga aliyeshika kalamu.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Jina la biashara si kampuni. Lina cheti cha BRELA, lina bango, hata akaunti ya benki unaweza kufungua, lakini mbele ya sheria ni wewe yule yule umevaa kofia. Hati haiwezi kumilikiwa na kofia. Mpangaji akikushtaki, anakushtaki wewe pamoja na gari lako na kiwanja chako cha Bunju. Jina la biashara linamfaa dalali au msimamizi wa nyumba za watu, si mmiliki.

Ukinunua na ndugu au rafiki bila kampuni, jua kwamba umiliki wa pamoja, ule ambao mmoja akifariki mwenzake anabaki na nyumba yote, Sheria ya Ardhi ya 1999 imeuacha kwa wanandoa tu, labda mahakama iruhusu vinginevyo. Nyie wengine mtahesabiwa kuwa mnamiliki kwa mafungu. Basi mafungu hayo yaandikwe: nani ana 60, nani ana 40. Na kama mnafanya biashara kwa ubia, kila mbia anadaiwa deni lote, si fungu lake.

Sasa kodi, ambako ushauri wa vijiweni hupotosha zaidi. Utasikia kwamba kampuni inapunguza kodi. Kwa nyumba ya kupangisha, mara nyingi ni kinyume chake. Tuseme faida yako kwa mwaka, baada ya kutoa ukarabati, riba ya mkopo na uchakavu wa jengo wa asilimia 5, ni milioni 24. Kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi mwenye hesabu, milioni 12 za kwanza zinatozwa 1,536,000 na kinachozidi asilimia 30, yaani 3,600,000. Jumla 5,136,000. Kampuni inalipa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza: 7,200,000. Zilizobaki, 16,800,000, ukizitoa kama gawio, yaani faida anayogawiwa mwenye hisa, zinakatwa asilimia 10 nyingine, 1,680,000. Jumla 8,880,000. Tofauti ya 3,744,000 kila mwaka ndiyo bei ya kuitwa mkurugenzi, na hapo mkaguzi wa hesabu hajapewa chake.

Kwenye kuuza tofauti ni kubwa zaidi. Mtu binafsi mkazi anayeuza nyumba aliyokuwa akiimiliki kama kitega uchumi anatozwa asilimia 10 ya faida. Kampuni nayo inalipa asilimia 10 wakati wa kuuza, lakini hayo ni malipo ya awali tu; mwisho wa mwaka faida hiyo inaingia kwenye hesabu za kampuni na kutozwa asilimia 30. Lakini usije ukadhani kila auzaye kwa jina lake amepona. Anayenunua ekari Kigamboni, akazikata viwanja na kuviuza mwaka baada ya mwaka, kwake viwanja ni bidhaa kama unga dukani. Hapo anatozwa kama mfanyabiashara, na ile ahueni ya asilimia 10 haimhusu. Huyo kampuni inamfaa.

Inawafaa pia watu watatu wanaochanga kujenga ghorofa Sinza, na yeyote anayetaka mjengo usimame hata yeye akiondoka. Mmiliki binafsi akifariki, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, wapangaji hawajui wamlipe nani, na kila shangazi ana akaunti yake. Kwenye kampuni hisa nazo zinapita kwenye mirathi, ila hati haiguswi, na mkurugenzi aliyebaki anaendelea kusaini mikataba.

Kinga dhidi ya madeni ipo, ila isifanywe kubwa kuliko ilivyo. Benki ikiikopesha kampuni changa itataka rehani ya jengo, azimio la bodi, halafu dhamana binafsi ya kila mkurugenzi. Ukishasaini hiyo dhamana, ukuta kati yako na kampuni una mlango, na ufunguo anao mkopeshaji. Kinga inayobaki ni dhidi ya mengine: fundi aliyeanguka kwenye jukwaa, mpangaji wa fremu aliyeunguliwa na mali. Kwa nyumba moja, bima inafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Jambo jingine: rehani ya mali ya kampuni isajiliwe BRELA ndani ya siku 42. Benki hulifuatilia, mkopeshaji wa mtaani hulisahau, kisha ugomvi unaanzia hapo. Na ukikopa kwa jina lako ukaweka rehani nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza ni lazima iwe ya maandishi.

Mkiamua kampuni, ugumu hauko kwenye mfumo wa BRELA. Mnahitaji wanahisa wawili, wakurugenzi wawili, katibu, namba za NIDA na TIN, na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaofaidika na kampuni. Kwenye kuchagua shughuli angalieni namba: 6810 ni ya mwenye mali au aliyeikodi, 6820 ni ya wakala anayelipwa kamisheni. Wengi wanabofya zote. Kama kuna mbia asiye raia jihadharini, kwa sababu udalali wa nyumba na ardhi uko kwenye orodha ya 2025 ya biashara ambazo wageni wamezuiwa.

Hisa ndizo zinazovunja kampuni nyingi za familia. Hamsini kwa hamsini inasikika kama haki mpaka siku kaka mmoja anataka kuuza na mwingine hataki. Hakuna anayeweza kuamua, na jengo linaoza. Wekeni 51 kwa 49, au mpeni mwenyekiti kura ya uamuzi pale kura zinapolingana. Andikeni mkataba wa wanahisa unaosema anayetaka kutoka awauzie kwanza waliobaki, na bei itakadiriwaje. Fanyeni hivyo mkiwa bado mnacheka pamoja.

Mgeni akishika hisa nyingi kuliko raia, kampuni inahesabika ya kigeni, na ya kigeni haimiliki ardhi kwa njia ya kawaida. Inapitia haki ya uwekezaji, ambayo tangu 2025 inasimamiwa na TISEZA, mamlaka ya uwekezaji iliyochukua nafasi ya TIC. Ukimwachia mwekezaji asilimia 51 kwa kuvutiwa na mtaji wake, umehamisha hadhi ya kiwanja chenyewe. Tena umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu, TRA wanaichukulia kama imeuza mali zake.

Kuhusu kampuni moja kwa kila jengo: inaleta maana ukiwa na majengo makubwa yenye wabia tofauti. Kampuni mama yenye angalau asilimia 25 ya hisa na kura kwenye kampuni tanzu inakatwa asilimia 5 ya gawio badala ya 10. Kwa nyumba mbili za Mbagala ni kujitafutia ritani mbili, yaani taarifa za kila mwaka za kupeleka BRELA na TRA. Ila jengo lenye fremu chini na makazi juu lifikirie mapema: pango la makazi halina VAT (kodi ya ongezeko la thamani), la biashara lina asilimia 18 mapato yakivuka milioni 200 kwa mwaka, na hesabu zikichanganyika VAT ya saruji na nondo huirudishi yote.

Usisajili kampuni ya akiba. Hata isipofanya kitu, BRELA wanataka ritani ya mwaka ndani ya siku 28 tangu kampuni itimize mwaka mwingine wa kusajiliwa, na TRA wanataka makadirio kabla ya 31 Machi, malipo kwa awamu nne, kisha ritani ya mwisho iliyothibitishwa na mkaguzi ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Na kila mpangaji wa ofisi anayekukata zuio la asilimia 10 kwenye pango, yaani kodi anayoizuia na kuipeleka TRA, akupe cheti chenye jina na TIN iliyo kwenye mkataba. Pango likilipwa akaunti ya kampuni huku hati na mkataba vikisoma jina lako, cheti kitatoka kwa TIN moja na mapato yataonekana kwenye nyingine, na afisa wa kodi ataanza kuuliza hapo hapo.