Aeonium bapa inaoza katikati, nifanyeje?

Swali: Habari mtaalamu. Nina Aeonium tabuliforme, ule mmea wa majani manene uliolala bapa kama sahani. Uko barazani, hapa Limuru, na kila asubuhi naumwagia kopo la maji kwa juu. Tangu mvua za Aprili katikati pamekuwa peusi na pororo. Utapona?

Jibu: Pole sana, dada. Kinachouua ni maji yanayotuama. Kwao Tenerife, katika visiwa vya Kanari, mmea huu hung'ang'ania majabali ya upande wa kaskazini, uso wake ukiwa wima kama sahani iliyotundikwa ukutani. Mvua ikiupiga, maji huteleza yakadondoka. Sisi tunaulaza chunguni ukitazama mbingu, na maji yanabaki juu yake, hadi kwenye kitovu.

Ndugu yake wa milima ya Kenya na Ethiopia, Aeonium leucoblepharum, ana matawi. Ukikata moja unapanda upya. Huu kwa kawaida una shina moja tu. Kitovu kikifa, hakuna kingine.

Kibonyeze kwa kidole. Kikiwa bado kigumu, ng'oa majani meusi, kausha maji kwa kitambaa na usimwagilie hadi udongo ukauke. Kikibonyea na kunuka, usipoteze muda: okoa majani. Chagua yaliyo mazima, yavute kwa upande ili kila moja litoke na kitako chake, yaache kivulini siku 2 au 3, kisha yalaze juu ya mchanga wa mto wenye unyevu kidogo sana. Weka hata 10, maana si yote yatakayotoa mizizi.

Mche mpya upande kwa kuinamisha. Egemeza chungu kwa jiwe, au, bora zaidi kwa maoni yangu, uchomeke kwenye ufa wa ukuta wa mawe usiochomwa na jua la mchana. Udongo uwe nusu kokoto ndogo. Kwa kuwa majani hufunika chungu chote, kitumbukize kitako chake kwenye beseni la maji kwa dakika 10, kichuje, kisha subiri udongo ukauke ndipo urudie.

Na siku kitovu kitakapoanza kuinuka kama pia, usishtuke. Mmea unatoa maua ya manjano, kisha utakufa wote. Vuna mbegu, laini kama vumbi, uzinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia.