Malengo yako yangebaki kama hakuna wa kuyaona? Nilichokipata Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bwera kanitumia meseji ndefu, anasema kaka, kila Januari naandika malengo kwenye daftari, ikifika Pasaka hata daftari lenyewe sijui liko wapi, sasa wewe ule mlima uliuwezaje? Nilimjibu kwa kifupi lakini swali halikuniacha, na najua wengi mnaosoma hapa mna daftari kama hilo, kwa hiyo leo nijibu vizuri.

Mimi nimekulia Kilembe, magharibi mwa Uganda, kwenye nyumba za mgodi, asubuhi ukungu ukifunguka unaona Rwenzori imekusimamia juu ya kichwa. Wenzetu wa Kapchorwa mtoto akianza kukimbia tayari anamjua Cheptegei, bingwa wa mbio ndefu, anamjua Kiprotich aliyeleta dhahabu ya marathoni kutoka London 2012, anaona njia ipo. Sisi tunalala chini ya mlima wa tatu kwa urefu Afrika alafu tumeuachia wageni, kijana wetu akiupanda ni kwa kubeba mizigo ya watu, kazi ya heshima kubwa na bila hao hakuna anayefika, lakini mbona tusipande na sisi kwa ajili yetu? Niliposema nataka kufika Margherita, mita 5,109, ofisini walicheka, na ndugu yangu mmoja ambaye namheshimu mpaka leo akaniambia mbele ya watu kwamba hizo ni pesa za mahari nakwenda kuzitupa kwenye matope. Lile neno bado linaniuma, sifichi.

Sikumjibu. Nikaanza kuweka pesa kidogo kidogo kwenye kikundi cha akiba, na kila Jumamosi natoka Kasese mjini kwa miguu kupandisha Kilembe kando ya mto Nyamwamba na jerikeni ya maji ndani ya begi. Hapo hakuna hadithi, ni kutembea tu. Ushauri wangu hapo: fanya kidogo lakini usiruke wiki.

Safari yenyewe inaanzia Nyakalengija, unapita msituni mpaka kambi ya Nyabitaba, kesho yake unalala kambi ya John Matte, alafu ndo unakutana na Bigo. Bigo ni tope, jamani. Kuna vichuguu vya majani vimetokeza juu ya maji meusi, unaruka kutoka kimoja mpaka kingine umevaa gambuti, na ukikosea kidogo mguu unazama mpaka goti, ukiuvuta unatoka peke yake na soksi, gambuti limebaki chini, unainama unalitoa kwa mikono miwili huku linafyonza kama halitaki kukuachia. Mzee wa Kikonzo aliyekuwa anatuongoza aliniona nainua macho kila saa kutafuta kilele, akaniambia, "Mwanangu, tazama unapokanyaga, mlima hauhami." Nikamsikiliza. Na hapo ndo utamu ulinikuta, wala sikuutegemea: nilipoacha kutafuta mwisho akili ikatulia, madeni sikuyakumbuka, maneno ya watu sikuyakumbuka, ni pumzi na mguu, pumzi na mguu, masaa kwa masaa, na ile mijiti mikubwa ya lobelia imesimama pembeni kwenye mvua. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye harusi wala kwenye mshahara.

Kutoka kambi ya Elena, mita 4,541, tuliondoka usiku, kichwa kinagonga, tumefungana kamba, chini ya buti tumevaa vyuma vya meno vya kukanyagia barafu. Tukafika. Juu kulikuwa na ukungu mtupu, Kongo iko hatua chache tu sikuiona. Picha yangu ya kileleni ni uso wangu na weupe, basi. Niliporudi yule ndugu yangu aliitazama akasema hii hata nyuma ya nyumba unaweza kuipiga.

Ilinichoma siku kadhaa, alafu nikagundua haijanipunguzia kitu. Miguu yangu inajua ilipopita. Kwa hiyo dada yangu, na wewe mwingine unayesoma, kabla hujaandika lengo jiulize: kama hakuna hata mmoja atakayeniona nikilitimiza, bado nitalitaka? Ukiona moyo unasita, lifute. Tunaweka malengo ya gari, ya nyumba, ya kupunguza kilo, na nusu yake ni ya kuwaziba watu midomo, na watu hawazibiki. Alafu jiulize la pili, hiyo kazi ya kila siku, lile tope lenyewe, naweza kulipenda? Maana kileleni unakaa dakika chache, tope ni siku nzima. Anayetaka diploma na hapendi kusoma usiku anajitesa bure. Watu wangu, tuache kuishi kwa ajili ya makofi!

Na usingoje sana. Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alipofika kilele kile mwaka 1906, barafu ilikuwa imefunika sehemu kubwa kuliko hii tunayoiona sasa, na inazidi kuisha kwa sababu dunia inapata joto. Mwanangu akija kupanda sijui atakanyaga nini.

Kwa wanaouliza habari za mlima wenyewe: si lazima uanze na Margherita, panda mpaka Nyabitaba ulale ushuke, utajijua. Nenda Juni mpaka Agosti au Desemba mpaka Februari, mvua inapungua ingawa haiishi. Gambuti lizidi saizi yako kidogo uvae soksi mbili. Mimi mwakani nalenga mlima Speke, hapo hapo Rwenzori, kilele chake cha Vittorio Emanuele, mita 4,890, na pesa nimeshaanza kuweka.