Duka la watoto sebuleni
Swali: Dada, wa kwanza ana miaka 4, mdogo wake mwaka na nusu, wanataka kucheza duka, nianzie wapi bila kununua vitu?

Jibu: Usinunue kitu mama. Boksi lipindue liwe kaunta, panga makopo na pakiti tupu (za dawa hapana kabisa, asije akazoea), hela kateni karatasi. Bei weka vidoti, vidoti vitatu ni noti tatu, huyo mkubwa atagusa kimoja kimoja akihesabu hata kama namba hajazijua. Mdogo ndo wa kuangalia sana, chochote kinachopenya kwenye lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha kinaweza kumkwama kooni, kwa hiyo vifungo, sarafu weka mbali, na betri bapa za saa ndo usiseme. Wewe kuwa mteja msumbufu, dai chenji, omba punguzo, uone unavyofukuzwa dukani!