Kwa walimu wapya wa fizikia: jua likiacha kuzalisha nishati, msikimbilie dakika nane

Kila msimu wa walimu wa mazoezi hukaa nyuma ya darasa nikiwa na andalio la somo mkononi, na kila msimu husikia sentensi ileile. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anauliza itakuwaje jua likiacha kuzalisha nishati, na mwalimu kijana anajibu bila kusita kwamba baada ya dakika nane dunia nzima itakuwa giza. Darasa linashangilia, mwalimu anafurahi, nami kule nyuma nabaki kuuma kalamu, kwa sababu jibu hilo ni la swali lingine kabisa. Nawapenda, ndugu zangu, lakini hapa mnanichosha. Basi mliopangiwa shule za Mtwara na Lindi someni haya kabla hamjashika chaki.

1. Tenganisheni maswali mawili. Jua kuacha kutoa mwanga ni jambo moja, na jua kuacha kuzalisha nishati ni jambo jingine. Nishati huzalishwa kwenye kitovu, katika robo ya ndani ya nusu kipenyo chake, ambako joto hufikia nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Huko takriban tani milioni 600 za haidrojeni huungana kuwa heliamu kila sekunde, na kama tani milioni 4 za maada hugeuka nishati. Nishati hiyo haitoki moja kwa moja: humezwa na kutolewa upya mara nyingi mno ndani ya gesi iliyoshindiliwa, na safari yake hadi kwenye uso hukadiriwa kuchukua makumi ya maelfu ya miaka, makadirio mengine yakizidi 100,000. Nishati inayokausha korosho za Newala leo ilizalishwa kabla binadamu hajalima shamba. Dakika nane na sekunde 20 ni muda wa kipande cha mwisho tu, kilomita milioni 150 kutoka uso wa jua hadi kwetu.

2. Msimnyamazishe mwanafunzi anayebisha. Hili nitalieleza kwa urefu kwa kuwa mimi mwenyewe nilianza ualimu nikifundisha dakika nane hizo kwa mbwembwe. Kijana mmoja, ambaye wazazi wake walichoma chokaa ya matumbawe karibu na Mikindani, alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, sisi moto wa tanuri ukizimika tunasubiri siku kadhaa ndipo tuguse mawe. Jua ni kubwa namna ile, litapoaje papo hapo?" Nikamjibu kwamba jua si tanuri, akae. Wenzake wakacheka, akakaa.

Laiti ningeishia hapo. Muda si mrefu nilipewa kutunga mtihani wa ujirani mwema, nikaliweka swali hilo, na kwenye mwongozo wa usahihishaji nikaandika kwamba jibu ni giza baada ya dakika nane, na kwamba jibu jingine lolote lisipewe alama. Walimu wa shule jirani wakafuata, kwa kumheshimu mtungaji. Kijana yule aliandika kwamba jua lingeendelea kung'aa kwa miaka mingi sana kwa joto lililomo ndani yake; nilimpa sifuri kwa wino mwekundu, na pembeni nikaongeza alama ya mshangao. Ilikuwa baadaye sana, nikiandaa notisi za kidato cha sita, ndipo nilipofanya hesabu niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo: ukigawanya nishati ya mvutano ya jua, yaani ile itokanayo na uzito wake kujivuta ndani, kwa kiasi linachotoa kila sekunde, unapata takriban miaka milioni 30 ya kung'aa. Nilikwenda kwa wazazi wake kumtafuta, nikaambiwa amevuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuvua. Niliwaandikia wale walimu wa ujirani mwema kuomba radhi, na mmoja akanijibu kwa upole kwamba mwongozo wangu ulikuwa umeshatumika tena mwaka uliofuata.

3. Jueni miaka hiyo milioni 30 inatoka wapi. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz na William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, hawakujua habari ya muungano wa viini vya atomu. Waliona kwamba jua hung'aa kwa sababu linasinyaa kwa uzito wake, na kusinyaa huko kunatoa joto. Hesabu haikuwa mbaya, ila iliwapa jua lenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka tu, na wanajiolojia wakakataa. Ushahidi mnao hapahapa Lindi. Kwenye kilima cha Tendaguru, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na mmoja wao, Giraffatitan, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Mla majani wa kimo kile hakushiba gizani. Lazima basi kuwe na chanzo kingine cha nishati, na Arthur Eddington alikipendekeza mwaka 1920, kisha Hans Bethe akaeleza hatua zake mwaka 1939. (Shule ikipata gari, wapelekeni wanafunzi Tendaguru, isipopata, kama kawaida yetu, waonyesheni picha.) Hata hivyo kusinyaa hakukufutwa, maana muungano ukikoma ndiko kutakakoshika zamu: jua litapungua ukubwa polepole, na kitovu chake, kinyume na mnavyodhani, kitazidi kupata joto.

4. Kitakachotufikia baada ya dakika nane ni ukosefu wa nyutrino. Chembe hizi ndogo mno huzaliwa katika muungano wa viini na hutoka kwenye kitovu bila kuzuiwa na kitu, na zaidi ya bilioni 60 hupita katika kila sentimita ya mraba ya mwili wako kila sekunde. Mtambo wa Super-Kamiokande wa Japani, wenye tani 50,000 za maji chini ya mlima, ungeanza kuzikosa huku sisi tukiendelea kuanika muhogo. Jambo hili liliwahi kuwatia watu wasiwasi wa kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Raymond Davis, ndani ya mgodi wa Homestake huko Marekani, alipata kama theluthi moja tu ya nyutrino zilizotarajiwa, na wapo wanasayansi waliowaza kwamba huenda kitovu kimepunguza kazi kwa muda. Utata uliisha mwaka 2001 na 2002, vipimo vya Sudbury nchini Kanada vilipoonyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani.

5. Masi ya jua haiondoki, kwa hiyo dunia itaendelea kulizunguka, na bamvua na maji mafu vitabaki kwenye kalenda ya wavuvi.

6. Darasa likisisitiza kutaka giza, lipeni, lakini semeni wazi kwamba sasa mnajibu swali lile jingine, la jua kuacha kutoa mwanga. Mwezi utatoweka sekunde chache baada ya jua, usanisinuru utakoma, na wastani wa joto la uso wa dunia hukadiriwa kushuka chini ya nyuzi 0 ndani ya wiki moja hivi. Kusi na kaskazi zitafifia kwa kukosa tofauti ya joto inayozisukuma. Bahari itaganda kuanzia juu, na maji ya kina yatakaa bila kuganda kwa muda mrefu kwa sababu dunia ina joto lake la ndani, ingawa joto hilo halifiki hata sehemu moja kwa elfu ya tunachopokea kutoka juani. Gesi ya Mnazi Bay itawaka kwa muda, nayo ni akiba ya jua la zamani.

7. Swali la mtihani liandikwe hivi: "Iwapo muungano wa viini kwenye kitovu cha jua ungekoma leo, eleza kwa nini mchana wa kesho usingebadilika." Alama tano: mbili kwa safari ndefu ya nishati, mbili kwa kusinyaa, na moja kwa atakayetaja nyutrino, hata kama amekosea tahajia.