Bakshishi kwenye hoteli za nyota tano China

Je, ni lazima kuacha bakshishi kwenye hoteli hizi? Hapana, si lazima. Shanghai, Beijing au Guangzhou, mhudumu wa chumba na wa mezani hategemei bakshishi, na ukiacha noti mezani anaweza kukukimbilia mlangoni akidhani umesahau pesa zako.

Ada ya huduma tayari imo kwenye bili. Kwenye hoteli kubwa kwa kawaida ni 10%, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya 6% inapigwa juu ya jumla hiyo, kwa hiyo ongezeko halisi ni 16.6%, si 16%. Chumba kilichotangazwa kwa yuani 2,000 na alama ya ++ (yaani ada ya huduma na kodi bado hazijajumlishwa) utakilipia 2,332. Hapo ndipo wageni wengi hukwama kaunta wakidhani wametozwa mara mbili. Angalia alama hiyo kabla hujathibitisha. Na kile kiasi kinachozuiwa kwenye kadi unapoingia ni amana, kinaachiliwa baada ya kutoka, ingawa benki ya nje inaweza kuchukua siku kadhaa.

Mbeba mizigo kwenye hoteli za kimataifa atapokea yuani 10 au 20 kwa shukrani, ila hakudai. Tofauti ni kwa mwongozaji binafsi na dereva wanaohudumia wageni wa nje: hao hutarajia. Wape siku ya mwisho, taslimu, ndani ya bahasha, kwa mikono miwili. Epuka kiasi chenye 4, maana matamshi yake kwa Kichina yanakaribiana na neno la kifo.