Ladha Isiwe Kichaka cha Kujifichia

Swali lenu la wiki hii, "Ubora wa gemu unapimika, au kila mtu na ladha yake?", limenigusa pabaya, kwa sababu hilo jibu la "kila mtu na ladha yake" nimelisikia mno, na mara nyingi hutolewa na mtu aliyeishiwa hoja. Ubora upo. Septemba 2021 kampuni ya Konami ya Japani ilipotoa eFootball 2022, mrithi wa gemu yao ya mpira wa miguu, PES (Pro Evolution Soccer), wachezaji wa nchi mbalimbali walilalamikia mambo yaleyale: sura zimepinda, miili inapitana kama haina mifupa, pasi haziendi zinakotumwa. Kampuni yenyewe ikaomba radhi. Hapo hakuna cha ladha, gemu ilitoka mbichi.

Kipimo changu ni hiki: nikifungwa, naliona kosa langu? PES 6 ya mwaka 2006, kwenye PlayStation 2, ndiyo iliyonijengea kipimo hicho. Mpira ulikuwa na uzito wake, haukugandana na mguu. Ukikokota kizembe, unaporwa. Hata Adriano wa Inter, ambaye shuti lake kila aliyepita kwenye mabanda ya gemu analikumbuka, ilibidi umtafutie nafasi mpira umkae kushoto. FIFA 07, gemu ya mpira ya wapinzani wao EA Sports, ilikuwa na majina na jezi halali za ligi kuu ya Uingereza, lakini kwenye kucheza naiweka chini.

Sasa, kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, kulikuwa na banda la gemu. Mechi moja shilingi mia mbili, anayefungwa anampisha mwenzake. PES 6 haikuwa na leseni ya Liverpool, kwa hiyo timu iliandikwa Merseyside Red. Siku moja akaja dogo mmoja, shabiki wa Liverpool wa kufa mtu, akalipia mechi tatu kwa mpigo na hakucheza hata moja. Aliingia kwenye sehemu ya kuhariri timu, akafuta lile jina herufi moja moja, akaandika Liverpool. Kisha akahamia kwenye nembo. Akaanza kumchora yule ndege, kiboksi baada ya kiboksi, kidole gumba kikibonyeza pedi polepole, na sisi nyuma tunapiga kelele, "Dogo, cheza au toka!" Mwenye banda akatunyamazisha: kalipia, muda ni wake. Shingo ya ndege ikamshinda. Akaifuta, akaanza upya, ikatoka fupi na mdomo mkubwa kupita kiasi, lakini wekundu ulikuwa wenyewe. Akasevu kwenye memori kadi ya banda, akasimama, akaondoka zake.

Kuanzia kesho yake ile timu iligombewa. Watu ambao hawakuwahi kuichagua walitaka kucheza na ile yenye ndege wa dogo. Na yeye alikuwa akija, anaitazama kwanza kwenye orodha kabla ya kushika pedi.

Kukosa leseni ni kasoro. Mtu yeyote anayetoa alama angeipunguzia PES 6 kwa hilo, na mimi ningekubali. Ila dogo yule alitoa pesa yake kwa ajili ya kasoro hiyohiyo, na sidhani kama aliwahi kujali uzito wa mpira ninaouimba mimi. FIFA 07 ilikuwa na Liverpool tayari, nembo na kila kitu, asingepata cha kuchora.

Kwa hiyo, mkitaka hukumu yangu: kimeo kinapimika, na asiyekiona asijitetee kwa ladha. Gemu ikishavuka hapo, ikawa inatii mkono na haikuonei, kipimo changu kinaniambia kwa nini naipenda mimi, lakini siwezi kumpimia dogo yule. Labda wapo wanaoweza. Ila mkija kuandaa orodha ya gemu bora za mpira, PES 6 isikae chini ya FIFA yoyote ya miaka ile. Hapo silegezi.