Boba Fett wa kurusha roketi: halisi au nakala?

Hiki ni kisanamu cha kuchezea cha Boba Fett, mhusika wa filamu za Star Wars, chenye roketi ya kufyatuka mgongoni. Usilipe kwa picha ya mbele tu, omba ya mgongoni. Sampuli za majaribio za 1979 za Kenner, kampuni ya vichezeo ya Marekani, zina mwanya wa kitufe cha kufyatulia wenye umbo la L. Nyingine zikaongezewa pembe, ukawa J, ili roketi isichomoke ovyo. Mradi ulisitishwa kwa hofu ya watoto kukabwa kooni na roketi hiyo, kwa hiyo anayedai kisanamu chake cha kurusha roketi kilinunuliwa dukani, achana naye.

Wengi hunaswa na nakala za rezini, yaani utomvu wa kutengenezwa unaomiminwa na kuganda. Rezini husinyaa ikiganda, hivyo nakala iliyotolewa kwenye kisanamu cha kawaida cha Boba Fett, kisichorusha roketi, kilichouzwa dukani huwa ndogo kidogo kuliko chenyewe. Pima mabega na unene wa mguu kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), ulinganishe na kisanamu hicho cha kawaida. Kisha lenzi: viputo kama ncha ya sindano kwapani na kwenye vidole ni dalili ya rezini, maana plastiki iliyosindikwa kwa mashine kwa kawaida haina hivyo.

Mguu usio na tarehe iliyochapwa si kosa. Sampuli nyingi za kwanza kutoka kwenye kalibu hazina. Ila tazama kama pana mikwaruzo ya msasa, huenda maandishi yamefutwa. Na tafadhali usijaribu kukipima kwa asetoni (kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha), itaharibu uso wake.